Boti ya Matumbo Matatu

3 Februari

Mume wangu mdogo,

Nakusalimu kabla sijakutukana, maana nililelewa. Hujambo? Mke mwenzangu hajambo? Mimi nipo, na meno yaliyobaki yanatosha kukung'ata. Shangazi yako naye yupo, anagombana na mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, na bomba halijali, linavuja. Pamba ya safari hii imekuja chafu, imejaa mbegu kama kichwa chenye chawa. Nashinda mlangoni nachambua, napiga chafya, nawalaani walioifunga. Kuna magodoro mawili ya hoteli yananisubiri. Kitanda changu nimekihamishia chumba cha mbele. Ni joto tu, usianze kuuliza.

Sasa tuje kwako. Nimekwambia usinipigie simu. Kwenye simu uongo unapita mbio, kwenye karatasi naushika mkia. Shule sikuikanyaga, na hizi herufi nilizisoma kwenye magunia ya pamba, lakini wewe nakusoma vizuri kuliko unavyojisoma mwenyewe.

Umeniandikia kurasa nne. Kurasa nne zote boti! Unataka boti ndogo ya tanga, ya kutoka nayo asubuhi na kurudi jioni, na iwe "ya raha". Neno raha nimelikuta kila nilipoweka kidole. Mgongo usiumie, maji yasikurukie, boti isiyumbe. Hebu niambie, baba, unakwenda ziwani au unakwenda kulazwa? Mtu anayetaka raha na hataki kuyumba, dawa yake ninaishona mimi, inaitwa godoro.

Na ile boti ya kwanza iko wapi? Ile nyembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, uliyonitumia picha yake kabla ya picha ya harusi yako? Mwaka jana ilikuwa "inapaa, Bibi, inapaa!" Mwaka huu hata kuitaja huitaji. Imepaa ikaenda wapi?

Na katika kurasa zote hizo mke wako nimemkuta mara moja tu, pale chini, "anakusalimu". Mbwa wa jirani ananisalimu kwa maneno mengi kuliko hayo.

Bibi yako asiyebembeleza.

20 Februari

Mke wangu mkubwa, shikamoo.

Tunashukuru tuko wazima. Dukani kazi ipo. Watu wanakalia miwani yao kila siku, nasi tunakula humo humo. Jana mzee mmoja alileta miwani iliyokanyagwa na gari akaniuliza kama inahitaji kusafishwa. Mke mwenzio yuko zamu za usiku, wodi ya watoto wachanga. Yeye anaingia mimi natoka, tunapishana mlangoni. Anakusalimu. Najua, najua. Lakini ndivyo alivyosema.

Ile boti nyembamba niliiuza. Haikufaa, basi.

Bibi, wewe unacheka raha, lakini hili si jambo la mchezo. Kuna boti za miili mitatu. Katikati kuna mwili mkubwa, na kila upande mwili mdogo mwembamba ulioshikwa na mikono. Upepo ukitaka kuipindua, ule wa pembeni unaukatalia. Kati ya miili wanatandika wavu uliokazwa sawasawa, hata kulala unalala. Nimezizungukia nyingi nikabakiza tatu. Ya kwanza ni nyepesi na ina mbio, ila unakaa chini kabisa na matako yanalowa. Ya pili ina kijumba cha kujikinga jua, lakini ni nzito, na kuusimamisha mlingoti wake peke yako ni kazi ya kutoka jasho. Ya tatu ndiyo imenishika moyo. Mikono yake inakunjwa, inapanda kwenye tela bila ugomvi, na ina viti viwili vyenye migongo, kimoja mbele ya kingine. Mimi nakaa nyuma na usukani na kamba zote. Wa mbele hana kazi isipokuwa kustarehe. Mke mwenzio atakaa hapo, hatagusa kitu.

Ipo na ya nne yenye benchi pana, lakini hata muuzaji anacheka anapoitaja. Anasema inakwenda kama ng'ombe aliyeshiba.

Njoo utuone, Bibi. Kila mwaka unasema mwakani.

Mumeo mdogo.

19 Machi

Mume wangu, bingwa wa kustarehesha watu,

Salamu zako zimefika na zimepokewa. Shangazi yako ameshinda vita ya bomba, halivuji tena, na sasa halitoi maji kabisa. Mimi sijambo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi. Yale magodoro ya hoteli bado yananitazama. Kuja siwezi, shangazi yako ana kuku wanaotaga ovyo na mtu wa kuwaangalia ni mimi.

Nimekaa nikaifikiria boti yako mpaka nikaunguza sufuria. Nimeigeuza huku na huku, nimeielewa, na nimesikitika. Matumbo matatu! Tumbo la katikati la kwako, bwana mkubwa. La kulia la mkeo. La kushoto la mgeni. Kila mtu na tumbo lake, na katikati wavu, kama watu waliotenganishwa na hakimu. Yaani umezunguka kote huko ukapata chombo ambacho mume na mke hawawezi hata kukanyagana vidole! Mkitaka kuambiana jambo mtapigiana kelele kama wachuuzi wa pande mbili za barabara. Na hiyo ndiyo unaiita raha.

Mimi na marehemu babu yako tuligombana tangu nikiwa na kiuno mpaka kikaisha. Lakini tuligombania kwenye godoro moja. Unanuna, na joto la mwenzio liko mgongoni. Huko ndiko kununa, maana hakufiki asubuhi. Nyinyi mmenuna kisasa, kila mtu na chombo chake.

Kama mmegombana, semeni. Kama hamjagombana, hiyo boti itawagombanisha.

Hata hivyo mimi ni bibi yenu, siwezi kuwaacha mkalie plastiki. Nimewashonea mito mitatu, kila tumbo na mto wake. Nimeishindilia pamba mpaka ikalia. Nimeipandisha basi, na kondakta nimemwambia akiikalia nitajua kwa umbo la matako yake. Mto wa mkeo ndio wenye pindo jekundu. Mpe wewe mwenyewe, mkononi, usiuache mezani.

Bibi.

2 Mei

Bibi, shikamoo.

Sisi wazima. Samahani kwa kukawia. Mito imefika, asante.

Nikueleweshe kidogo. Watu hawakai kwenye miili ya pembeni. Ile ni mitupu, imejaa hewa, kazi yake ni kuzuia boti isilale. Watu wote wanakaa kwenye mwili wa katikati. Kwa hiyo hukuielewa boti, umeitukana bure.

Na hatujagombana. Wako wanaogombana kwa kelele na wako watu wazima. Sipendi mambo ya nyumbani kwangu yachambuliwe kama pamba.

Nimemwambia muuzaji aniwekee ile ya viti viwili. Haipinduki. Nimesoma habari zake zote, nimewauliza walio nayo, haipinduki. Nadhani hilo ndilo kubwa.

Mke mwenzio yuko likizo, amekwenda kwa dada yake kupumzika. Amechukua ule mto wenye pindo jekundu, na wa mgeni pia, sijui wa nini. Habari za boti tuziache hapo.

Wako.

16 Mei

Mume wangu mtu mzima,

Sijambo. Shangazi yako hajambo, kuku wake hawajambo, na mke wako hajambo, maana yuko hapa, ananichambulia pamba huku nakuandikia. Kwa dada yake alilala siku moja tu. Umempigia simu mara ngapi kumuuliza amefikaje? Usinijibu. Ameshanijibu yeye.

Basi lilisimama, akashuka na begi moja na mito miwili kwapani, kama mtu anayehama na kitanda chake. Hata shikamoo hakuimaliza.

"Bibi, huu wa tatu ni wa nani?"

"Wa mgeni."

"Mgeni gani aje kwetu? Wenyewe tu hatujawahi kuwemo ndani kwa wakati mmoja tangu mwaka jana!"

Akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, mpaka mama wa duka la pili akatoka kutazama. Kisha kicheko kikamgeukia. Nikamkalisha, nikamwekea furushi la pamba mapajani. Mikono ikiwa na kazi mdomo unasahau kujifunga. Hajamaliza hata konzi tatu, akaanza.

Alisema, "Ile boti nyembamba ilipinduka, Bibi. Hakukwambia?"

"Aliniambia haikufaa."

"Nilikuwa nimemwambia turudi, upepo umekuwa mkali. Akanicheka. Ikalala, mimi nikawa chini ya tanga. Kila nikiinua kichwa nakutana na kitambaa. Kila nikitaka pumzi, kitambaa. Sijui nilitokaje. Nilipotoka nikamwona, amepanda juu ya tumbo la boti, anaivuta isimame. Akaniona. Akaniambia, 'Shika kamba hiyo!'"

"Na wewe?"

"Niliishika. Hakuniuliza kama ni mzima, Bibi. Alinipa kazi."

Mimi mdomo wangu unajulikana, lakini hapo niliinamia furushi. Nimeokota mbegu, nimeokota mbegu, mpaka machozi yake yakatosheka yenyewe.

Sasa nina maneno. Wewe unapima macho ya mji mzima! Watu wanakulipa uwaambie wanachoona na wasichoona! Na mwenzio anatoka majini mbele yako, midomo imemgeuka rangi, wewe unaona kamba. Halafu mwaka mzima unamtafutia boti isiyopinduka, unasoma, unauliza, unachagua viti vyenye migongo. Unatibu goti la mtu anayeumwa jino. Huyu mwanamke haogopi kupinduka. Anaogopa kupinduka na wewe.

Na hicho kiti ulichomchagulia, hebu kitazame tena. Yeye mbele, wewe nyuma. Hakuoni, na wewe uso wake huuoni. Hashiki kamba, hashiki usukani, hana la kusema wala la kukataa. Akisema "turudi" atamwambia nani, maji yaliyo mbele yake? Hiyo unaiita kustarehe. Mimi nimejaza magodoro maisha yangu yote na sijaona mzigo uliofungwa vizuri namna hiyo.

Nilikosea, kumbe nyote mnakaa tumbo moja. Haya. Nimekosea tumbo, mengine sikukosea.

Anarudi Jumamosi. Usimnunulie maua, ua halina masikio. Usimweleze boti. Kaa, msikilize mpaka mwisho. Ukishikwa na hamu ya kujieleza jing'ate ulimi, ukikatika tutaushona, uzi ninao.

Huyu mkeo naye ni mchokozi. Ameniona ninavyoinuka kitini akaanza kuniuliza maswali ya wodini. Hayo ni yangu na yeye, hayakuhusu.

Bibi yako, tena sana.

30 Juni

Mke wangu mkubwa, shikamoo na shikamoo tena.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi mfukoni mwa koti la kazi. Mteja mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Nilimsikiliza. Ulimi uliumia lakini haukukatika. Aliyoyasema sikuandikii, na niliyomjibu sikuandikii, hayo nayo si ya kuchambuliwa. Nitakwambia tu kwamba ameomba zamu za mchana, na sasa tunagombana kama watu. Jana tumegombania taulo.

Kisha akasema mwenyewe, "Twende tukazione hizo boti zako." Muuzaji amezipanga uwanjani juu ya matela, kwenye vumbi, hakuna hata tone la maji. Mke mwenzio akavua viatu, akapanda moja baada ya nyingine. Ile ya mbio alikaa akashuka hapo hapo. Yenye kijumba aliingia akagonga kichwa, akaiambia "asante". Akafika kwenye ile niliyowekewa, ya viti viwili. Akakaa mbele. Akatazama mbele kwa muda. Kisha akageuza shingo kunitafuta nyuma, na shingo haikufika. Hapo, Bibi, nilikiona ulichokisema.

Akamgeukia muuzaji. "Mtu akianguka majini, anapandia wapi?"

Muuzaji akatoa kifua. "Mama, hii haipinduki hii!"

"Sijakuuliza habari za boti. Nimekuuliza habari za mtu."

Yule bwana akatafuta, akashika huku, akashika kule. Kwenye ile ya viti viwili hakuna pa kupandia. Unajivuta juu kwa mikono, kama una nguvu. Mimi nimesoma kila kitu kuhusu boti ile, na swali hilo sikuliuliza hata mara moja.

Tumechukua ya benchi, yule ng'ombe aliyeshiba. Benchi ni pana, tunakaa bega kwa bega, usukani unafikiwa na yeyote. Nyavu zake ziko chini, karibu na maji, na nyuma kuna ngazi fupi inayoshuka mpaka ndani ya ziwa. Muuzaji akanong'ona, kama anayemwonea huruma mwanamume mwenzake, "Hii haina mbio lakini." Mke mwenzio akamsikia. "Kwani tunawahi wapi?"

Tulipokwisha kukubaliana akafanya jambo. Alishuka, akaipanda upya kwa ile ngazi ya nyuma, polepole, mkono mmoja nyongani, mguu mmoja anauburuta. Akarudia mara ya pili. Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

"Napanda kama Bibi."

Joto! Eti joto ndilo lililokihamisha kitanda! Na magodoro ya hoteli yanakutazama tangu Februari kwa sababu una kazi nyingi! Na mimi ndiye nisiyeona! Bibi, mtu akikudanganya kwenye karatasi unamshika mkia. Mimi nimeushika wako, ni mrefu kweli.

Nakuja na gari tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Kuku wapewe taarifa. Mto wa mgeni umerudi, uko juu ya kabati, unakungoja.

Mumeo mdogo.

9 Agosti

Mume wangu,

Nimefika nyumbani. Nyonga imelalamika njia nzima, na haki yake, maana gari lako lina viti kama mbao za jeneza. Shangazi yako amenipokea kwa kelele, eti kuku wamekonda kwa kunikosa. Yale magodoro ya hoteli nimempa fundi cherehani wa jirani ayamalizie. Mimi nakaa pembeni namtukana. Anasema ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Sasa nikupe maoni ya boti, maana nyote wawili mliniuliza na mimi nilikuwa nimebana meno.

Ni mbaya. Tanga linapiga kelele kama mtu anayekunja makaratasi kanisani. Benchi halina nyama. Zile nyavu zinachora miraba kwenye mapaja, nimerudi nimepigwa chapa kama gunia. Ngazi nimeipanda, nakubali niliipanda, lakini ni kwa sababu mke wako alikuwa chini ananisukuma kwa bega na wewe juu unanivuta kwapa. Mwizi anayetolewa dirishani ana heshima kuliko mimi siku ile. Na ule mto wangu uliangukia majini ukanywa ziwa lote. Ulivyotolewa ulikuwa mzito kama mbuzi mfu, unachuruzika, na boti ikainamia kwake. Pamba yangu haina kosa. Kosa ni la ziwa, halina adabu. Mke mwenzangu alicheka mpaka akaukumbatia mlingoti, na mimi nikasema moyoni, haya, cheka, hata nikikosa mto mwingine.

Lakini kuna kitu nilikiona, nakuandikia kwa sababu najua hukujiona.

Pale katikati upepo ulipotugeukia ghafla, boti ikalala upande wangu, lile tumbo dogo likazama mpaka shingoni. Mkeo akasema, "Turudi." Hakupiga kelele, alisema tu. Hapo mimi sikutazama maji. Nilikutazama wewe. Mkono wako ulikuwa kwenye usukani, lakini uso ulishageuka. Hukutazama tanga. Hukutazama kamba, na zilikuwepo kamba chungu nzima zinahitaji kushikwa. Ulimtazama yeye. Ukamwambia, "Uko salama?"

Alisogea. Alikusogelea mpaka akakubana, na wewe ukanibana mimi, nyonga mbovu juu ya chuma, mto wa maji unanilowesha matako. Ukamgeuza yule ng'ombe, tukarudi, na sikusema kitu. Unajua inavyonigharimu kutosema kitu.

Mmepewa matumbo matatu, mume wangu, na safari nzima tulibanana kwenye moja. Hasara tupu.

Bibi.